Jimbo la Bagamoyo ni jipya au la zamani?

Machi 2025, habari zilipotoka kwamba Papa Fransisko ameunda Jimbo Katoliki la Bagamoyo, binamu yangu alipiga picha karatasi moja akaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu. Ni cheti cha ubatizo cha bibi. Kimekunjwa mara nne hadi mikunjo imeanza kuachia, na pembeni kina doa la chai. Bibi alizaliwa na kubatizwa Matombo, kwenye milima ya Uluguru, mwaka 1947. Juu ya karatasi kuna maneno ya Kilatini: *Vicariatus Apostolicus de Bagamoyo*. Binamu akaandika chini yake: "Jimbo jipya lipi? Bibi alibatizwa humo kabla Papa huyu hajawa hata padre!"

Basi moto ukawaka. Mjomba akauliza tangu lini Matombo ikawa Bagamoyo, wakati kila mtu anajua iko Morogoro. Shangazi akasema Bagamoyo ndiyo mama wa majimbo yote ya Afrika Mashariki. Ndugu yetu aliyeolewa Unguja akamkatalia: mama ni Zanzibar, Bagamoyo ni binti. Shemeji yetu Mkenya naye akaingia na hoja yake kwamba kwenye orodha za Roma, historia inayoanza mwaka 1860 ni ya Jimbo Kuu la Nairobi. Hapo watu wakacheka, wakadhani anatania.

Hakuwa anatania. Kila mmoja pale alikuwa ameshika ukweli wake, na ubishi ulitokana na kuchanganya vitu vitatu ambavyo katika historia ya majimbo huwa havisafiri pamoja: ardhi, jina na hadhi. Ardhi inaweza kwenda huku, jina likaenda kule, na hadhi ikapanda au ikachelewa miaka mia. Ukivitenganisha hivi vitatu, karatasi ya bibi inasomeka vizuri kabisa.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa mtu wa leo, jimbo ni mahali ambapo mbunge anatafuta kura. Wazee wetu waliokua enzi ya Waingereza walilijua kwa maana nyingine: Tanganyika ilikuwa na majimbo ya utawala, kama Jimbo la Ziwa na Jimbo la Magharibi, ambayo baada ya uhuru yalipisha mikoa. Kanisa limebaki na neno lile, na ndiyo sababu wengi wanadhani jimbo la Kanisa ni mkoa uliovaa kanzu. Sivyo. Mkoa mmoja wa Morogoro una majimbo matatu: Morogoro, Mahenge na Ifakara. Jimbo la Bunda, lililoundwa mwaka 2010, linaunganisha sehemu ya Mkoa wa Mara na kisiwa cha Ukerewe ambacho serikali inakihesabu Mwanza.

Sheria ya Kanisa inaanza na watu. Inasema jimbo ni sehemu ya taifa la Mungu iliyokabidhiwa kwa askofu ili aichunge akishirikiana na mapadre wake. Mipaka ya ardhi inafuata baadaye, ili ijulikane nani anachungwa na nani. Na mwenye mamlaka ya kuchora mipaka hiyo ni Papa peke yake. Askofu anaweza kupendekeza, Baraza la Maaskofu linaweza kuombwa maoni, lakini hakuna jimbo linalojizalia jimbo lingine kwa uamuzi wa kikao chake.

Sasa tuje kwenye hadhi, maana hapa ndipo lile neno *vicariatus* linapokaa. Anayesali kigangoni atanielewa upesi. Kigango hakina padre wake. Katekista ndiye anayeongoza ibada Jumapili nyingi, padre anakuja kwa pikipiki kutoka parokiani mara moja au mbili kwa mwezi, na siku hiyo ndiyo ya kubatiza, kuungamisha na kufungisha ndoa. Watu wanachangia mabati, wanajenga nyumba ya mapadre, idadi inaongezeka, hatimaye Baba Askofu anatangaza: kuanzia leo hii ni parokia. Waumini ni walewale na ngoma ni zilezile. Kilichobadilika ni kwamba sasa wana paroko wao, ofisi yao, na vitabu vyao vya ubatizo.

Nchi za misioni nazo zilipandishwa ngazi kwa namna hiyohiyo. Ngazi ya chini iliitwa prefektura ya kitume, na kiongozi wake mara nyingi alikuwa padre, si askofu. Juu yake ilikuwa vikarieti ya kitume, ambayo kwa kawaida iliongozwa na mtu mwenye daraja la uaskofu. Lakini vikari maana yake ni makamu: aliongoza kwa niaba ya Papa. Mwenye kiti alikuwa Roma. Jimbo kamili ni pale askofu anapoongoza kwa jina la kiti chake mwenyewe, mahali hapo, akiwa na kanisa kuu lake. Kwa hiyo alichobatizwa ndani yake bibi mwaka 1947 kilikuwa vikarieti. Bagamoyo ilikuwa na askofu, mapadre, shule na makanisa, lakini kwa lugha ya sheria haikuwa jimbo.

Ilifikaje hapo? Mwaka 1860 Roma iliunda Prefektura ya Kitume ya Zanguebar. Jina hilo la kale lilikuwa la mwambao wote, na eneo lilitajwa kwa rasi mbili: kuanzia Guardafui, kwenye pembe ya Somalia, mpaka Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Upande wa bara hakukuwa na mpaka wa maana. Ni kama kumpa mtu shamba ukamwonyesha ufuo tu, ukasema kule ndani utajua mwenyewe. Mapadre wa kwanza, wakiongozwa na Armand Fava, walitoka kisiwa cha Réunion wakafika Unguja Desemba 1860. Mwaka 1863 kazi ikachukuliwa na shirika la Roho Mtakatifu, na mwaka 1868 Padre Antoine Horner na wenzake wakavuka bahari kuanzisha misioni ya Bagamoyo, pamoja na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani.

Kwa hiyo ndugu yetu wa Unguja na shangazi wana haki wote wawili. Makao ya kwanza yalikuwa Zanzibar. Mlango wa kuingilia bara ulikuwa Bagamoyo, na hata misafara ya Mapadre Weupe, shirika lingine la wamisionari, ya mwaka 1878, ile iliyoelekea maziwa ya Tanganyika na Nyanza, ilianzia pwani hiyohiyo.

Baada ya hapo ramani ilianza kukatwa, na visu vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa cha mashirika. Roma ilikuwa na utaratibu wa kulikabidhi shirika moja eneo moja lilihudumie kwa watu wake na fedha zake. Ndiyo maana hadi leo ukienda Bukoba, Mwanza au Tabora utasikia habari za Mapadre Weupe, ukienda Songea na Ndanda utakuta Wabenediktini, Iringa Wakonsolata, Moshi na Morogoro shirika la Roho Mtakatifu. Wengi wanadhani ni tofauti za madhehebu. Ni alama za viwanja vilivyogawanywa miaka mia iliyopita.

Kisu cha pili kilikuwa cha wakoloni. Wajerumani walipochukua bara, hawakufurahia kuona misioni zote zikiwa mikononi mwa Wafaransa. Mwaka 1887 ikaundwa Prefektura ya Zanguebar ya Kusini, ikakabidhiwa Wabenediktini wa Kijerumani, ambao walianza Pugu mwaka 1888 na kituo chao kikavamiwa Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri. Eneo hilo ndilo baadaye lililokuja kuitwa Vikarieti ya Dar es Salaam. Upande wa magharibi mambo yalikuwa hivyohivyo. Misioni za kwanza za Rwanda zilihesabiwa ndani ya Nyanza ya Kusini, vikarieti moja na Bukoba na Mwanza, mpaka mwaka 1912 ilipoundwa Vikarieti ya Kivu, nayo ikagawanywa mwaka 1922 kuwa Rwanda na Urundi. Anayesema Wakatoliki wa Kagera na wa Rwanda waliwahi kuwa wa nyumba moja hasemi kwa upendo tu, anasema historia.

Sehemu iliyobaki, Zanguebar ya Kaskazini, ambayo tangu 1883 ilikuwa vikarieti, ilijikuta imekalia tawala mbili: visiwa na Kenya kwa Mwingereza, Bagamoyo na Kilimanjaro kwa Mjerumani. Mwaka 1906 ikakatwa. Upande wa Mjerumani ukawa vikarieti mpya ya Bagamoyo, na mwaka 1910 Bagamoyo nayo ikazaa Kilimanjaro. Upande wa Mwingereza ukabaki na hati ya zamani, ukaitwa Vikarieti ya Zanzibar.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo, maana hapa ndipo shemeji yetu Mkenya anapopata haki yake. Baba akigawa shamba, watoto wote wanapata ardhi, lakini ile hati ya kwanza yenye namba ya awali inabaki kwa mmoja. Wengine wanaandikiwa hati mpya. Katika mgawanyo wa 1906, hati ya awali ya 1860 ilibaki na vikarieti ya Zanzibar. Na vikarieti hiyo, licha ya jina lake, ilikuwa na ardhi kubwa ya Kenya, na mambo mengi yalizidi kuhamia Nairobi kulikopita reli. Tarehe 25 Machi 1953, Papa Pio XII alipounda majimbo kamili Tanganyika, Kenya na Uganda kwa siku moja, Vikarieti ya Zanzibar ikapandishwa kuwa Jimbo Kuu la Nairobi. Askofu John McCarthy, aliyekuwa vikari wa Zanzibar, akawa Askofu Mkuu wa kwanza wa Nairobi. Hati ya Unguja ikaishia Nairobi. Ndiyo maana Roma ikiandika ukoo wa Nairobi inaanza na 1860, mwaka ambao Nairobi yenyewe ilikuwa bonde la maji baridi wanakonywesha ng'ombe.

Na Zanzibar? Binafsi sehemu hii hunigusa kila ninapoisimulia. Mahali pale ambapo yote yalianza, penye kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu lenye minara miwili inayoonekana kutoka baharini, hapakupata jimbo lake mwaka 1953. Mwaka 1955 likaundwa jimbo la Mombasa na Zanzibar, ambalo si jambo la ajabu ukikumbuka kwamba Mombasa yenyewe wakati huo ilikuwa kwenye ukanda wa pwani uliohesabiwa kuwa wa Sultani. Mwaka 1964, mwaka wa Mapinduzi na Muungano, visiwa vikatenganishwa na Mombasa mwezi Desemba na kuwa chini ya usimamizi wa kitume wa Zanzibar na Pemba, yaani eneo linaloongozwa na msimamizi kwa niaba ya Papa. Jimbo la Zanzibar likaundwa mwaka 1980. Hesabu mwenyewe: miaka 120 tangu Padre Fava ashuke chomboni. Ukizisoma tarehe za majimbo peke yake utadhani Zanzibar ni mdogo wa Moshi, Mbulu na Kigoma, wote wa 1953. Kwa hadhi, ndiyo. Kwa ardhi na kwa imani, hapana.

Bagamoyo ilipatwa na jambo linalofanana na hilo. Mwaka uleule wa 1953 vikarieti yake ilipandishwa kuwa jimbo, ila jina na makao vikawekwa Morogoro. Ardhi ikapanda hadhi, jina likafutwa. Kwa hiyo mjomba, aliyesema Matombo ni Morogoro, yuko sahihi tangu 1953. Na karatasi ya bibi, inayosema Bagamoyo, iko sahihi kwa mwaka 1947. Matombo haikuhama hata hatua moja.

Kisha kwa miaka 72 Bagamoyo ikawa mji wa parokia ndani ya Jimbo la Morogoro, pamoja na makumbusho yake, makaburi ya wamisionari na msalaba ufukweni. Tarehe 7 Machi 2025 Papa Fransisko akamega sehemu ya Jimbo Kuu la Dar es Salaam na sehemu ya Jimbo la Morogoro, akaunda Jimbo la Bagamoyo na kumteua Askofu Stephano Musomba, aliyekuwa Askofu Msaidizi wa Dar es Salaam, awe askofu wake wa kwanza. Jina limerudi. Hadhi ni mpya, maana Bagamoyo haikuwahi kuwa jimbo. Ardhi ni kipande kidogo tu cha ile vikarieti ya zamani iliyokuwa inafika Kilimanjaro.

Mfano mwingine wa majina kuhama uko Kagera, na mzee yeyote wa huko ataukumbuka. Mwaka 1951 Vikarieti ya Bukoba ilimegwa ili eneo moja likabidhiwe mapadre wazalendo, na mwaka uliofuata Laurean Rugambwa akawa askofu wake. Mwaka 1953 eneo lake likawa Jimbo la Rutabo, jirani na Jimbo la Bukoba. Machi 1960 Papa Yohane XXIII akamfanya Rugambwa kardinali, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi. Mwezi Juni mwaka huohuo Rutabo ikapewa jina la Bukoba, na lile lililokuwa likiitwa Bukoba likawa Rulenge. Ukikuta karatasi ya 1955 imeandikwa Jimbo la Bukoba, usikimbilie kudhani ni Bukoba ya leo. Huenda anayeulizwa ni Rulenge-Ngara au Kayanga, maana Rulenge nayo iligawanywa mwaka 2008.

Rugambwa huyo anatusaidia pia kuondoa dhana iliyoshamiri, kwamba kardinali lazima awe wa jimbo kuu, na kwamba jimbo kuu ni ofisi ya mkoa inayozitawala wilaya zake. Alipata ukardinali akiwa askofu wa Rutabo, jimbo ambalo watu wa mbali hawakujua hata liko wapi. Ukardinali ni heshima na wajibu anaopewa mtu na Papa, hauko ndani ya ardhi. Dar es Salaam alihamishiwa mwaka 1968.

Na askofu mkuu si bosi wa maaskofu wa kanda yake. Hadi Bagamoyo inatangazwa, Tanzania ilikuwa na majimbo makuu 7: Dar es Salaam na Tabora tangu 1953, Mwanza na Songea tangu 1987, Arusha 1999, Dodoma 2014 na Mbeya 2018. Kila moja lina majimbo jirani yanayoshirikiana nalo. Askofu mkuu anavaa pallio, utepe wa sufu wa mabegani, anakuwa kama kaka mkubwa anayeangalia imani na nidhamu visilegee, na kuna mambo machache sheria inamruhusu kuyafanya pale ambapo jimbo jirani limekwama. Lakini hamhamishi paroko wa Zanzibar, hagusi sadaka za Morogoro, na hapangi ratiba ya kipaimara ya Tanga. Askofu wa kila jimbo anajibu moja kwa moja kwa Papa.

Kusini kulikuwa na utaratibu wa aina yake ambao vijana wengi hawajawahi kuusikia. Tangu 1931 Peramiho na Ndanda hazikuwa vikarieti wala majimbo. Zilikuwa abasia zenye eneo, maana yake abate wa monasteri ndiye aliyekuwa pia mchungaji wa waumini wote waliozunguka, kana kwamba yeye ndiye askofu. Peramiho ikawa Jimbo la Songea mwaka 1969, Ndanda ikawa Jimbo la Mtwara mwaka 1972. Abasia zenyewe zipo mpaka leo, na hospitali zake, lakini abate sasa anawaongoza watawa wake tu.

Likija tangazo la kugawa jimbo, maneno ya mtaani huwa yaleyale: kuna ugomvi, kuna watu wanataka kujitenga, kuna fedha zinafukuziwa. Sababu ya kawaida ni ya miguu. Askofu anatakiwa afike parokiani, atoe kipaimara kwa mikono yake, awajue mapadre wake kwa sura. Jimbo likiwa na parokia nyingi zilizotawanyika kwa mwendo wa siku nzima, mtoto anasubiri kipaimara miaka. Kwa kawaida mapadre wanaohudumu upande uliomegwa wanakuwa mapadre wa jimbo jipya, na mwenye ndugu upande wa pili anaendelea kumtembelea. Mzigo halisi kwa waumini ni mchango wa kulitegemeza jimbo, kwa kuwa jimbo changa linaanza bila nyumba ya askofu, bila seminari yake, mara nyingine bila kanisa linalotosha kuwa kanisa kuu. Hilo ni jambo la kusemwa wazi parokiani, watu wajue wanachangia nini.

Swali ambalo shangazi aliniuliza pembeni, nje ya kundi, lilikuwa la maana kuliko yote: je, cheti cha bibi bado kina nguvu, na wajukuu waliobatizwa maeneo yaliyomegwa waende kuandikishwa upya? Hapana. Ubatizo haurudiwi, na kumbukumbu yake inakaa kwenye kitabu cha parokia alikobatizwa mtu. Parokia ikigawanywa, kitabu cha zamani kinabaki parokia ya zamani. Mtu akifunga ndoa Arusha au Nairobi, taarifa inarudishwa ikaandikwe pembeni ya jina lake kwenye kitabu kilekile. Kwa hiyo anayetafuta karatasi ya babu yake asiulize kwanza jimbo gani. Aulize parokia gani, mwaka gani, akafike ofisini kwa paroko na jina la ubatizo la mhusika na majina ya wazazi wake.

Binamu alifanya hivyo mwezi wa Mei. Katibu wa parokia alishusha kitabu kikubwa chenye jalada lililobanduka, akapitisha kidole kwenye mwandiko wa wino uliofifia, wote wa Kilatini, mpaka akalikuta jina la bibi, na pembeni yake mistari miwili ya ndoa yake na babu. Cheti kipya kina muhuri wa Jimbo Katoliki la Morogoro. Namba ni ileile ya 1947.

Tulimpelekea bibi vyote viwili, kipya na kile chenye doa la chai. Akavishika kwa zamu, akauliza ubishi wa kwenye simu umeishaje. Tulipomweleza habari za Zanguebar, Nairobi na Bagamoyo akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yeye alibatizwa Matombo.